Siku Tatu za Kumtafuta Mama Kisiwani

Nyuma ya soko la zamani,
Mokpo.
24 Septemba 2025

Mpendwa Kaka Se-bong,

Kabla ya yote, hali yako inaendeleaje? Mi-ran aliniambia kwamba sasa unaunganishwa na ile mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na kwamba unamgombeza nesi kwa kukuchoma mkono uleule kila mara. Nilicheka, kisha nikalia. Unakula vizuri? Chumvi umeacha kweli, au bado unaficha chupa ya mchuzi wa soya chini ya kitanda? Nakujua wewe.

Mimi ni mzima wa kujikokota. Goti la kulia limegoma kukunjika, presha iko palepale, na meno ya mbele sasa ni ya kununua. Joto la mwaka huu lilitukalia shingoni hadi juzi, ndiyo kwanza linaanza kutuachia. Chang-gyu mwanangu bado yuko Incheon. Hupiga simu kila Jumapili, dakika nne, haziongezeki.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nisingefika mwisho. Ungeniuliza, "Mal-sun, nafasi ipo?" nami ningejibu ipo, kama nilivyojibu mwezi wa sita na mwezi wa saba. Mi-ran, wewe unayemsomea baba yako, soma polepole na usiruke kitu. Hata kama atakasirika, soma.

Kaka, tangu upande ile meli ya kwenda Brazil mwaka 1973 umeniomba jambo moja tu. Ukifariki, Mi-ran alete majivu yako kisiwani kwetu Cheongsan, nami nikuwekee nafasi miguuni pa Mama. Nilikubali bila kufikiri, maana kaburi la Mama nililijua kama ninavyolijua sufuria langu la wali. Basi nisamehe. Nafasi hiyo sina. Kaburi nililolifyeka nyasi kwa miaka ishirini na sita si la Mama.

Ilijulikana hivi. Mwaka huu tulikuwa na ule mwezi wa ziada wa kalenda ya zamani, ambao mizimu huwa haituangalii, na kwa desturi unayoikumbuka nchi nzima ikashika koleo kuhamisha makaburi. Siku moja ya mwezi wa nane Deok-rye akanipigia simu. Huyu ni Gwak Deok-rye, binti wa bandarini niliyesoma naye darasa la kwanza kabla shangazi hajanichukua. Siku hizi analima mwani, ni mjane kama mimi, na mdomo wake hajazaliwa wa kuufunga. Hakunisalimu hata kidogo. Alisema, "Mal-sun, kuna watu wa Gwangju wamemfukua mama yako."

Nilipanda basi, nikapanda meli, mkononi nina mwavuli wa kumpigia mtu. Nilipofika kilimani nilimkuta mwanamume wa makamo anaitwa Bwana Yeom amepiga magoti, na mbele yake bamba la udongo wa kuchoma lililozikwa pamoja na marehemu. Lilikuwa na jina la bibi yake, ukoo wake, kijiji chake, na mwaka 1951. Hapakuwa na cha kubishania. Mwavuli niliuficha nyuma yangu.

Bwana Yeom aliposikia mimi ndiye niliyekuwa nafyeka, aliniinamia mpaka chini, akanishika mikono yote miwili. Wao walikuwa wakija kila baada ya miaka miwili mitatu, wanakuta nyasi zimekatwa, wakadhani ni ukarimu wa wanakijiji. Mwaka mmoja wakaacha sanduku la mapeasi kumshukuru huyo msamaria. Nayakumbuka yale mapeasi, Kaka. Nilidhani ni wewe uliyemtuma mtu. Niliyala peke yangu hapohapo kaburini huku nalia kwa furaha.

Nilimchukia yule bwana. Hakunikosea lolote, tena ni mtu mstaarabu, lakini nilimchukia kwa jinsi alivyokuwa akimpangusa bibi yake vumbi na kutabasamu.

Deok-rye naye alinipokea kwa maneno yake. "Mama wee, Korea nzima ni wewe tu uliyemhudumia bibi wa watu robo karne, na ukoo wake hata hawajui unaitwa nani! Wangekupa angalau uchifu wa familia." Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza, lakini alinibebea mkoba mpaka nyumbani kwake.

Kosa lilitokea hivi. Baba Mdogo alinipeleka mara moja tu, mwaka 1998, akiwa tayari anakohoa. Aliniambia, "Ni hili la chini ya ukuta, karibu na msonobari uliopinda." Mwaka uliofuata yeye hakuwepo tena, na msonobari ulikuwa umeng'olewa na dhoruba. Nikachagua la chini ya ukuta. Kuta kisiwani pale ziko ngapi? Hata mbuzi hawezi kuzihesabu.

Na ule udongo niliokutumia mwaka ule wifi alipofariki, uliouweka kwenye kopo kando ya picha yake, nao ni wa bibi yake Yeom. Uutoe au uuache, sijui la kukushauri. Miaka kumi na mitano umeuinamia asubuhi, nami nikijua unaniombea dua kwa kuutuma. Naona aibu hata kuliandika hili.

Mimi maziko yenyewe sikuyaona. Mama alipolazwa juu ya ardhi chini ya majani, kwenye lile kaburi la kusubiri mpaka ibaki mifupa, nilikuwepo; alilazwa hivyo maana Baba alikuwa baharini na hakuna aliyethubutu kumfukia kabla hajarudi. Nakumbuka ukipanda kilima na mganda wa majani ya mpunga begani kwenda kumwezekea upya. Lakini mifupa ilipofutwa na kuzikwa, mwaka 1967, mimi nilikuwa huku Mokpo kwa shangazi naosha vyombo. Mwaka uliofuata bahari ikamchukua Baba bila kuturudishia hata kiatu. Mzazi mwenye kaburi ni mmoja tu, na aliyeona alipozikwa na bado anapumua ni wewe.

Basi wiki iliyopita nilirudi Cheongsan, tukazunguka kisiwa kwa miguu, mimi na Deok-rye, mundu mmoja kila mtu.

Siku ya kwanza tulianzia kilima kilekile, maana Baba Mdogo hakuwa mtu wa kukosea kilima. Kuanzia ukutani hadi kwenye ukingo wa mashamba tulikuta vichuguu vya makaburi kumi na moja ndani ya vichaka. Vingine vimezama vikawa kama sahani. Kimoja kina mti umeota katikati, mnene kuliko kiuno changu. Jiwe hakuna, jina hakuna. Nilipiga magoti kwenye kila kimoja nikakwangua udongo kwa kucha nikitafuta sijui nini. Deok-rye alikuwa akifyeka njia mbele yangu na kila tukifika anauliza, "Shikamoo, wewe ni mama yake Mal-sun?" Kwenye cha tano nilimwambia akiuliza tena nitamkata kwa mundu. Cha sita alikaa kimya, na kimya chake kiliniumiza zaidi, nikamwomba aendelee.

Kisiwa chenyewe kimekuwa kizuri hadi kinaudhi. Ile njia ya ukuta wa mawe juu ya bandari wameipanda maua pande zote mbili, ya waridi na meupe, na watu wanashuka kwenye meli kwa mamia kuja kutembea taratibu, maana siku hizi kutembea taratibu ni utalii. Wana fimbo mbili mbili kama wanaenda kuteleza kwenye theluji. Bahari nayo ilikuwa imetulia, buluu tupu, visiwa vyote vinaonekana hadi vile vidogo ambavyo Baba alikuwa akivitaja majina. Kijana na mchumba wake walitusimamisha tuwapige picha. Binti akasema, "Mabibi mna bahati, mnaishi peponi." Deok-rye alimjibu, "Ndiyo mwanangu, ila wa peponi wenyewe hatuwapati." Binti alicheka akidhani ni mzaha.

Siku ya pili tulifuata njia ya majabali upande wa kusini, mpaka chini ya Jabali la Chui. Hii ni kwa sababu yako, Kaka. Mwezi wa saba uliniambia kwamba mlipokuwa mkimfukia Mama mlisikia mawimbi. Goti langu lilipiga kelele njia nzima. Deok-rye alinisukuma kwa nyuma kwenye miinuko, akisema anasukuma gunia la chumvi. Tulipofika juu ilikuwa saa tatu asubuhi, kwenu saa tatu usiku, nikakupigia. Nilikuuliza tu kama bahari ilionekana. Ukasema, "Bahari gani? Pale hapaonekani bahari, mahali penyewe pamezibwa, kuna joto zuri."

Sikukasirika. Ulikuwa na miaka kumi na tisa siku ile, na leo una sabini na saba. Lakini nilikaa juu ya jabali, nikatazama hilo eneo lote tulilopita kwa mateso tangu alfajiri, bahari imejaa kila upande, nikajisikia mjinga kuliko siku ya mapeasi. Ndipo Mi-ran akachukua simu akasema, "Shangazi, ngoja nimpe kalamu achore. Kwa mdomo anachanganya, lakini mkono wake bado unakumbuka."

Ramani yako ilifika kwenye simu ya Deok-rye jioni, na tukaenda kuichapisha pale wanapouza tiketi za meli. Uliichora kwa wino mwekundu, Kaka, na mistari inatetemeka, lakini hujakwama hata mara moja. Shule. Ngazi tatu za majaruba ya mawe. Chemchemi. Jiwe kama ng'ombe aliyelala. Kona ya kushoto. Kisha duara, na ndani yake umeandika kwa herufi kubwa, MAMA. Jioni ile nilikula wali bakuli mbili. Nilimwambia Deok-rye kwamba kesho tunampata. Niliamini kabisa.

Siku ya tatu tulianzia shuleni. Shule haina watoto tena, imekuwa nyumba ya wageni, na uwanja wake umejaa magari ya kukodi. Mgongoni nilikuwa nimebeba vitu vya kumtolea Mama: samaki mkavu, matufaha matatu, keki za mchele, chupa ya pombe na kikombe chake. Deok-rye alitanguliza ramani mbele kama askari mwenye amri ya kukamata mtu.

Ngazi za majaruba tulizipata. Hakuna anayelima huko juu tangu vijana waondoke, kwa hiyo magugu yamefunika kila kitu, lakini ukigonga kwa mundu unasikia jiwe. Moja, mbili, tatu, kama ulivyochora. Chemchemi imekauka, imebaki unyevu na vyura. Jiwe la ng'ombe nililiona mimi kwanza. Nilipiga kelele kama mtoto. Deok-rye akasema, "Huyo kaka yako angekuwa mpimaji wa ardhi, Brazil wamemfanya fundi nguo, wamemwozesha bure na cherehani."

Baada ya kona ya kushoto palikuwa na mianzi, mianzi mitupu, imesongamana hata mkono haupiti. Tulikata saa mbili nzima. Mikono ya Deok-rye ilitoka damu, yangu ilitoka malengelenge. Nilikuwa naongea na Mama huku nakata, namwambia nimechelewa, asinune. Kisha mianzi ikaachia, tukatokea kwenye uwanja mdogo tambarare uliozungukwa na ukuta mfupi wa mawe. Nilitafuta kichuguu. Hakikuwepo.

Deok-rye alizunguka mara moja, akagonga chini kwa kisigino, akainama. "Mal-sun," akasema, "hapa hapazikwi mtu. Hebu njoo uone. Hili ni jiko."

Kweli, lilikuwa jiko. Mawe mawili ya meko yamesimama bado, ndani yake masizi, yaani masizi meusi kabisa baada ya miaka yote hiyo. Pembeni palikuwa na kinu cha jiwe kilichomeguka ukingo upande mmoja, na mimi nilipokuwa mdogo Mama alikuwa akinikalisha kwenye huo upande uliomeguka anapochochea moto. Ni kwetu, Kaka. Nilidhani nyumba yetu ilikuwa kwenye bonde jingine kabisa, na Baba Mdogo aliniambia dhoruba iliifagia yote. Niliondoka na miaka saba. Wewe umeichora njia ya kurudi nyumbani kutoka shule, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni pa jiko.

Niliketi kwenye kile kinu, nikalia kwa sauti bila kujali. Deok-rye alivua kofia yake, akakaa chini kwenye mianzi iliyokatwa. Kisha akasema, "Ulimuuliza mzee mama yuko wapi. Sasa si ndiyo hapa alikuwa kila siku? Ungejibu nini wewe?"

Sikummiminia Mama pombe. Nilikuwa na kikombe mkononi lakini sikujua nielekee wapi nikiinama. Kumwinamia mtu kwenye meko ya jikoni sikuweza, na kilimani nako kuna vichuguu kumi na moja visivyo na jina. Mwishowe vitu vyote tulivila wenyewe, samaki na matufaha na keki, kwa sababu tulikuwa na njaa. Pombe alikunywa Deok-rye. Kisha tukashuka.

Kesho yake asubuhi nilikupigia, na swali lako la kwanza lilikuwa, "Umefika kwa Mama?" Nikajibu nimefika. Ulivuta pumzi ndefu, ukanishukuru, na Mi-ran akaniambia baadaye kwamba ulikula ukashiba, jambo ambalo hujafanya tangu mwezi wa tano. Jibu hilo linaniamsha usiku mpaka leo. Sikukusudia kukudanganya, ila nilijua unalielewa vingine, nikanyamaza. Ningeweza kunyamaza mpaka mwisho. Lakini siku moja Mi-ran atashuka kwenye meli pale bandarini amekukumbatia kwenye kitambaa cheupe, atanitazama nimwonyeshe njia, nami nitamwonyesha nini?

Nimewaza nimchagulie kimoja kati ya vile vichuguu. Nani angejua? Ningejua mimi. Nimeshamlilia mtu nisiyemjua mara moja, mara ya pili siwezi, na sitaki wewe ulale miguuni pa mama wa watu ukimngoja akugeukie.

Nimewaza pia tuendelee kutafuta. Deok-rye yuko tayari, anasema miguu yake haina kazi nyingine wakati wa baridi. Lakini nikueleze ukweli wote. Hata tungempata kesho, mwenye kushika mundu hapa nimebaki mimi, na goti hili lina misimu miwili au mitatu. Nilimuuliza Chang-gyu kama atafyeka baada yangu. Alisema, "Mama, mimi hata sijui hicho kisiwa kiko wapi." Simlaumu, sikuwahi kumpeleka. Miaka mitano bila mundu, mianzi ingekufunika wewe na Mama pamoja. Mimi mwenyewe nimejiandikisha kwenye ukuta wa kuwekea majivu ya wafu hapa Mokpo, safu ya tatu kutoka chini, kati ya watu nisiowafahamu. Kisiwani hakuna anayeningoja, Kaka, na wewe pia hakuna.

Kwa hiyo nakuomba, nami sijawahi kukuomba kitu: usije. Lala hukohuko, karibu na wifi, mahali ambapo mjukuu wako Thiago anaweza kufika kwa basi moja baada ya shule. Utakuwa na jina ukutani na mtu wa kulisoma, hata kama atalisoma kwa matamshi ya Kibrazili. Najua unachokitaka. Nami ndicho nilichokitaka, wewe na Mama mahali pamoja, nami nije na mundu wangu kila mwaka nikae katikati yenu niwagombeze. Hakipo tena. Mama tumempoteza, Kaka. Tulimpoteza mimi na wewe, kila mtu kwa mguu wake, mmoja kwa kwenda mbali na mwingine kwa kufyeka kwa bidii pasipo pake.

Sikukuu ya mavuno imebaki wiki mbili. Nitatandika meza hapa nyumbani, kijiko kimoja cha Mama, kimoja cha Baba. Cha kwako sitakiweka, maana bado uko hai, na ole wako mwaka ujao unilazimishe kukiweka.

Nisalimie Mi-ran, na mwambie asilie mbele yako. Msalimie mumewe Osvaldo, na Thiago, ambaye nasikia ameota ndevu tatu na anazihesabu kila asubuhi. Deok-rye anakusalimu, anasema ramani yako ameibandika jikoni kwake na haiondoi. Mbingu zikupe usingizi usio na maumivu, damu safi, na asubuhi nyingi kuliko alizokuhesabia daktari.

Ukimaliza kusomewa, usinipigie siku hiyohiyo. Kaa nayo kidogo. Kisha nipigie hata kama ni kwa ajili ya kunigombeza, na usiniulize tena kama nimefika kwa Mama, kwa sababu safari hii nitakujibu.

Mdogo wako wa mwisho, akupendaye kuliko anavyojua kuandika,

Mal-sun